Kufuli Ndani ya Kompyuta ya Famasi

Jumamosi moja mwanzoni mwa Februari, saa mbili na robo usiku, umeme ulikatika Mbagala Rangi Tatu. Ulirudi baada ya dakika arobaini. Muuzaji wa zamu katika famasi moja ya mtaani aliwasha kompyuta, akafungua mfumo wa mauzo, na badala ya orodha ya dawa akakuta dirisha jekundu ambalo hakuwahi kuliona: "Muda wa matumizi umeisha. Wasiliana na fundi." Chini yake kulikuwa na namba ndefu ya ombi, na kisanduku kitupu cha kuandikia namba ya kufungulia.

Akampigia mama mwenye famasi. Mama akampigia fundi. Simu ya fundi haikupatikana usiku ule, wala asubuhi yake, wala Jumapili mchana.

Kisa hiki nakijua kwa undani kwa sababu fundi huyo kazi nilimfundisha mimi. Jumatatu mama alifika kwangu akiwa amefura. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba kijana alipita mikononi mwangu, na swali lake la kwanza, hata kabla ya kukaa, lilikuwa: "Hivi ndivyo unavyowafundisha?" Baadaye wote wawili wamenikubalia niandike, mradi majina yasitajwe.

Makubaliano yalikuwa hivi. Mfumo uliuzwa Februari ya mwaka uliotangulia kwa shilingi 900,000. Mama alitoa 500,000 siku ulipowekwa, na zile 400,000 zilizobaki akaahidi kuzilipa laki moja kila mwezi, kuanzia Machi hadi Juni. Karatasi haikuandikwa. Walipatana kwa mdomo, wamesimama kaunta. Kila mwisho wa mwezi kijana alipita kuchukua laki yake, akakaa kwenye kompyuta dakika tano, akaaga. Mama alidhani anakagua tu kama mfumo uko salama. Kumbe alikuwa akiingiza namba mpya ya siku 35, ya kufungua kufuli alilolificha ndani ya mfumo; siku hizo zikiisha bila namba nyingine, mfumo unajifunga.

Juni deni likaisha. Kijana akamwambia, "Mama, mfumo sasa ni wako. Mimi nitakuwa napita kila mwezi kuuangalia, utanipa elfu ishirini na tano ya matunzo." Mama hakuona shida, hata friji ina fundi wake. Kuanzia Julai mpaka Januari alilipa mara saba, jumla shilingi 175,000.

Kufuli lilibaki palepale.

Nilipomuuliza kijana kwa nini aliliweka tangu mwanzo, hakujificha. Alinitajia maduka matatu ya Kariakoo yaliyochukua kazi yake, yakalipa nusu, kisha yakaanza: njoo kesho, subiri mwisho wa mwezi, bosi amesafiri. Moja linaitumia mpaka leo. "Kaka, nikiweka kufuli nalipwa. Nikiondoa, nageuka ombaomba wa jasho langu mwenyewe."

Hoja hiyo siipuuzi hata kidogo. Fundi cherehani asipolipwa, gauni linabaki kwake. Fundi gari anabaki na funguo. Fundi seremala anasema kabati halitoki hapa. Mwandishi wa programu hana cha kushika. Siku anapoiweka kazi yake kwenye kompyuta ya mteja, imeshanakiliwa, imeshatoka mkononi, na kinachobaki ni ahadi. Kwenda kudai laki nne mahakamani kunawezekana, lakini hesabu nauli, hesabu siku za kazi zinazopotea, utaona kwa nini vijana wengi hawaendi. Kufuli la muda ni namna yake ya kubaki na funguo mpaka alipwe. Kwa ile miezi minne ya deni, Machi hadi Juni, sioni ubaya wa kuwepo kwa kufuli. Ninachokiona ni ubaya wa kulinyamazia.

Na hapo ndipo nilipotofautiana naye. Aliniambia, "Ningemwambia, angekataa kununua." Inawezekana. Lakini basi alimuuzia kitu ambacho anajua mwenyewe kwamba mnunuzi, akikijua kilivyo, hakitaki. Ukishalijibu swali la "akijua, atanunua?" moyoni mwako kabla ya kumwambia mteja bei, unajua unachofanya.

Sisi wa Dar es Salaam hatuhitaji kufundishwa maana ya namba za kufungulia. Tumelelewa na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Mtoto wa darasa la tatu anajua kubonyeza tarakimu 20 kwenye mita huku mama yake akimsomea kutoka kwenye simu. Hakuna anayeiona mita kuwa mwizi, na sababu zake ni za kawaida sana: umeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba usipolipa utazimika, uniti zilizobaki unaziona wewe mwenyewe kwenye kioo, na uniti ulizonunua hazifi kwa sababu tarehe imepita.

Tena LUKU yenyewe ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyojificha ndani, na namna ilivyopita inafundisha. Mita hizi zinafuata utaratibu wa kimataifa uitwao STS. Kila tokeni, yaani zile tarakimu 20, hubeba namba inayohesabu dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni iliyokwisha kutumika isiingizwe mara ya pili. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Hesabu ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuboreshwa kabla ya siku hiyo isingepokea tokeni mpya, hata mwenyewe awe na pesa mkononi. Kwa hiyo mwaka ule TANESCO, shirika la umeme, ilitangaza mapema, na watu wakapata namba za ziada za kuingiza kwa mpangilio kabla ya tokeni ya umeme. Kulikuwa na manung'uniko, maana kubonyeza tarakimu zote hizo si kazi ndogo kwa bibi mwenye miwani. Lakini kwamba siku hiyo ipo haikuwa siri.

Mitambo ya sola ya kulipa kidogo kidogo nayo hutumia namba za muda. Unalipa kwa simu, unapata namba, taa zinawaka siku ulizolipia. Tofauti kubwa na kisa chetu iko mwishoni: ukimaliza deni unapewa namba ya mwisho inayoliondoa kufuli moja kwa moja, na mtambo unakuwa wako kweli. Namba hiyo ya mwisho ndiyo aliyokosa mama wa Mbagala. Mfumo wa kijana haukuwa nayo kabisa. Niliutafuta mstari huo katika msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, haukuwepo. Tangu anauandika hakufikiria siku ambayo kufuli lingemaliza kazi yake.

Sasa nieleze kwa nini ulifunga usiku ule, maana mama hakuwa na deni, na hata kwa hesabu ya kijana mwenyewe siku zilikuwa zimebaki karibu wiki tatu.

Kufuli la muda lina adui mmoja mkubwa, saa ya kompyuta. Mtu akirudisha tarehe nyuma, siku 30 zinakuwa 60, zinakuwa 90. Kila mwandishi wa makufuli haya anajua, na dawa yake ya kawaida ni kuifanya programu ikumbuke tarehe ya mwisho iliyoiona. Ikiwashwa na kukuta leo iko nyuma ya jana, inaamua kwamba anayeitumia ni mdanganyifu, inajifunga. Kijana alifanya hivyohivyo, na aliongeza jingine: programu ikishashuku, inaandika alama kwenye faili lake, hivyo kurekebisha tarehe baadaye hakusaidii.

Kompyuta ile ilinunuliwa ikiwa imetumika. Kwenye ubao wake mkuu wa ndani kuna betri bapa ya duara, ile iitwayo CR2032, inayoshikilia saa pale umeme unapokosekana. Betri ilikuwa imekufa, na hakuna aliyejua, kwa sababu kila usiku kompyuta ilizimwa bila kuchomolewa ukutani, na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme wa akiba, ilitosha kuvusha umeme ukikatika kwa dakika chache. Jumamosi ile giza lilikuwa la dakika arobaini. UPS ikaishiwa, saa ikarudi mwaka 2012, na kwa kuwa famasi haina intaneti ya kuisahihisha, programu ikaamka ikaiona tarehe ya 2012 ikamhesabu mama kuwa mwizi.

Betri ile ni ya bei ndogo mno. Nimelirudia jambo hili kwa kijana mara nyingi kwa sababu naona ndilo halijamwingia. Aliandika programu yenye uwezo wa kumhukumu mtu, akaipa ushahidi wa aina moja tu, ushahidi unaoweza kuharibiwa na betri chakavu. Kisha akaweka rufaa mahali pamoja tu, kwenye simu yake. Jumapili mpwa wa mama, anayesoma chuo, aliirekebisha tarehe ikawa sawa kabisa. Dirisha jekundu likabaki.

Fundi mwenyewe alikuwa mazikoni Ruvuma, kijijini, mtandao wa kubahatisha. Jumapili jioni alipopata mtandao na kukuta ujumbe kumi na saba, bado hakuweza kusaidia. Programu ndogo ya kutengenezea namba za kufungulia ilikuwa kwenye kompyuta mpakato yake, na mpakato ilikuwa chumbani kwake Kimara, mlango umefungwa. Angekuwa ndiye aliyezikwa, ile famasi ingefunguliwa na nani?

Huko Mbagala biashara haikusimama. Dawa zilikuwa rafuni, muuzaji alichukua daftari. Kilichopotea kilikuwa kwingine. Bei alizikumbuka kwa sehemu. Madeni ya wateja wa mtaani hakuyajua, kwa sababu daftari la madeni lilihamishiwa kwenye mfumo mwaka mmoja kabla na la karatasi likatupwa. Orodha ya dawa zinazokaribia kuisha muda wake haikuonekana.

Na Jumapili asubuhi alikuja mzee kutoka Kongowe, anayetumia dawa za presha. Amezoea kusema tu, "Nipe zile zangu." Jina la dawa na nguvu ya kidonge viko kwenye kumbukumbu zake ndani ya mfumo. Muuzaji, na hapa nampongeza kwa moyo wote, alikataa kubahatisha. Alimwomba mzee akalete boksi la zamani. Mzee akapanda daladala kurudi Kongowe, akapanda tena kuja Rangi Tatu, juani. Alipata dawa zake saa nane mchana.

Huyu mzee ndiye kiini cha kisa chote kwangu. Kijana alikuwa na haki ya kulinda kazi yake: vitufe, hesabu, risiti, mpangilio wa ripoti, yote aliyoyaandika usiku akiwa na usingizi. Lakini kidonge cha mzee wa Kongowe si kazi yake. Madeni ya majirani si kazi yake. Hizo ni kumbukumbu za mama, aliziandika muuzaji wake kwa vidole vyake mwaka mzima, na zilikuwa zimefungiwa kwenye faili lenye nywila ambayo mama hakuwahi kupewa. Seremala anayelizuia kabati lake analizuia kabati. Hapa kabati lilikuwa tayari chumbani kwa mama, limejaa nguo zake.

Kijana aliniuliza kama mambo haya yanatokea kwake tu. Hapana, na kampuni kubwa zimefanya makubwa zaidi. Mwaka 1990 kampuni ya vipodozi ya Revlon, Marekani, iligombana na kampuni ya programu ya Logisticon. Revlon ilizuia malipo ikisema programu ya kuendesha maghala haifanyi kazi kama ilivyoahidiwa. Usiku mmoja wa Oktoba, Logisticon iliingia kwa njia ya laini ya simu ikaizima. Vituo viwili vya kusambazia bidhaa vilisimama siku tatu. Logisticon ilisema imejichukulia mali yake. Revlon ilienda mahakamani, na mwishowe wakamalizana nje ya mahakama. Wale angalau walikuwa na deni la kugombania.

Kilicho karibu zaidi na Mbagala ni cha Poland. Treni zilizotengenezwa na kampuni ya Newag zilipelekwa kwa matengenezo kwenye karakana ya kampuni nyingine, zikagoma kuwaka ingawa kila kipuri kilikuwa kizima. Karakana ikawaajiri wataalamu wa kundi la Dragon Sector waichunguze programu, na mwaka 2023 wakatangaza walichokikuta: masharti yaliyofichwa, mengine yakiangalia kama treni imesimama kwenye eneo la karakana za washindani, jingine likitegemea tarehe, na mpangilio wa siri wa kubonyeza vitufe ndani ya chumba cha dereva uliofungua treni tena. Newag imekanusha kuhusika na ikaenda mahakamani. Lakini fikiria hali ya mwenye treni katika siku zile kabla ya uchunguzi: ana mashine aliyoilipia, imekufa, na hana hata neno la kuiita hitilafu hiyo. Mama naye, kwa siku mbili nzima, alidhani kompyuta imeingiwa na virusi.

Kikao chetu kilifanyika Jumatano jioni, palepale famasi, viti vitatu nyuma ya rafu za sharubati za kikohozi. Mama alikuja na hasira na jambo jipya: jirani alikuwa amemtajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kuingilia mfumo wa kompyuta wa mtu bila haki kuwa kosa la jinai. Alitaka kwenda polisi. Kijana alimwamkia shikamoo, mama akaitikia kwa sauti ya chini, kisha kimya kirefu.

Sikumtetea kijana. Nilimtaka aeleze mwenyewe, mbele yake, kila alichokuwa akikifanya katika zile dakika tano za kila mwezi. Alieleza. Ilimchukua muda kulifikia neno "kufuli". Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, ungeniambia tu. Ningekulipa hata zote kwa mkupuo, nisiwe na mashaka." Nadhani ni kweli, maana laki zake nne zote zilifika kwa wakati.

Tuliandika ukurasa mmoja kwa mkono. Kufuli litolewe usiku uleule, na lilitolewa nikiona. Nywila ya faili la kumbukumbu akabidhiwe mama, na aoneshwe namna ya kulinakili kwenye flashi kila Jumamosi. Kijana aendelee kuwa fundi wake, ila alipwe akiitwa, kwa kazi inayoonekana. Betri ibadilishwe.

Pesa ndizo zilizotuchelewesha. Mama alidai 175,000 zote za matunzo. Nilipinga, kwa sababu katika ziara zile saba, tatu zilikuwa na kazi ya kweli: kurekebisha printa ya risiti, kubadilisha bei baada ya mzigo mpya, kumfundisha muuzaji mgeni. Muuzaji mwenyewe alizikumbuka. Ziara nne zilizobaki kijana hakufanya lolote zaidi ya kuingiza namba, yaani alilipwa elfu ishirini na tano kwa kuchelewesha madhara aliyoyatega yeye. Hizo 100,000 nilisema arudishe. Mama hakufurahi, kijana hakufurahi, wakakubali. Amesharudisha 60,000.

Naye mama nilimwambia jambo moja asilolipenda: biashara ya dawa, yenye majina ya wagonjwa ndani yake, haikupaswa kukaa kwenye kompyuta moja, bila nakala, kwa makubaliano ya kaunta. Swali la "nikiacha kukutumia, kumbukumbu zangu nazichukuaje?" linaulizwa kabla ya kutoa ile 500,000. Alilinyamazia kidogo, kisha akamtuma muuzaji duka la jirani akanunue daftari jipya la madeni, kubwa, la jalada gumu.

Wakati tunatoka kuelekea kituoni, kijana alinishika mkono. Ana maduka mengine kumi na moja yenye kufuli lilelile, na nywila ileile isiyojulikana na yeyote ila yeye. Manne kati yake yalishamaliza kulipa zamani. "Kaka, na hao niwaambie?" Nikamwambia ndiyo, wote, na wale wanne kwanza, na awaambie kabla hawajauliza. Akahesabu kwa vidole wangapi wangemfukuza.

Mpaka naandika haya amewapigia saba. Wawili wamemfukuza, mmoja ametaka aandikiwe tarehe ya kufuli kwenye risiti na kusema liendelee mpaka amalize deni lake, wengine wamemtaka aje aliondoe. Wanne bado hawajui, na mmoja wao, mwenye duka la vipuri pale Tandika, siku zake zinaisha Ijumaa hii.